Sikio la Nyambu

Tuwan, Kitale
9 Mei 2004

Mpendwa Nyambu,

Pokea salamu za nyumbani, ambako mvua haijapumzika tangu uondoke na matope yamefika hadi mlangoni mwa duka. Tata Bilha, mama yako, ni mzima, na anaendelea kuwaongoza akina mama wa kanisa kama kawaida. Baba yako yuko shambani Kiminini. Mahindi yameota vizuri isipokuwa upande wa mto, ambako fuko wamekula mbegu. Shosho Rahab anauliza kila Jumapili kama huko shuleni mnapewa blanketi la pili. Mimi bado nasubiri serikali iniajiri. Shahada yangu ya ualimu inaning'inia ukutani, nami nasimama chini yake nikipima sukari.

Sasa tuongee juu ya sikio. Nimekuwa nikiifikiria ile siku tuliyomwambia Tata Bilha tunakwenda mjini kukununulia soksi za shule, tukaishia saluni. Ulitobolewa juu, penye gegedu, ule mfupa laini, si chini kwenye ndewe penye nyama, na huko juu hupona polepole. Niliambiwa hivyo nilipotobolewa langu Nairobi. Chemsha maji, utie chumvi kidogo, yapoe. Chovya pamba safi, uiweke mbele na nyuma ya sikio, asubuhi na jioni. Usizungushe hereni. Usipake spiriti wala dawa ya meno, hata wasichana wakikuapia. Usilalie upande huo.

Umeniuliza ufanye nini siku za ukaguzi, kwa kuwa hereni hunyang'anywa na mwenyewe kuitwa ofisini. Hilo ni rahisi. Sisi tulipokuwa shuleni tulikuwa tunavunja kijiti cha ufagio, kifupi kabisa, tunakipitisha tunduni ili lisizibe. Hakuna mwalimu aliyewahi kukiona. Jumapili jioni toa hereni, weka kijiti. Jumatatu ukaguzi ukiisha, rudisha hereni. Hata Shosho Rahab, kabla ya kuokoka, alivaa vijiti hapo hapo juu ya sikio, na wasichana wa rika lake wote. Ukitazama vizuri chini ya kitambaa chake utaona alama. Kwa hiyo usiogope, wewe unafuata njia ya nyanya yako.

Barua zangu zitakuja kwa anwani ya kwao Nasimiyu, kwa vile rafiki yako huyo husoma na kurudi kulala kwao, zisifunguliwe ofisini. Tata hajui lolote. Pete yangu ya sikio bado iko chini ya nywele.

Ndimi dada yako,
Wakiuru


Bungoma
20 Mei 2004

Niaje sis,

Mimi niko sawa, na kama wewe uko sawa basi sote tuko sawa tuendelee. Salimia mama, baba na Shosho. Mwambie Shosho blanketi la pili ni lile lile la kwanza ukilikunja. Usimsalimie jogoo wa jirani, sijamsamehe.

Shule ni ile ile. Maharagwe ya githeri yana wadudu lakini tunasema ni nyama. Nimechaguliwa kiranja wa bweni! Mwambie mama, atafurahi. Sasa mimi ndiye napiga kengele na kila mtu ananichukia.

Kijiti kimefanya kazi, bana. Jumatatu Bi. Cherono alikuwa mwalimu wa zamu. Alipita akasimama mbele yangu, nikajua nimekwisha.

"Nyambu, mbona sikio limekuwa jekundu hivyo?"

"Ni mbu, mwalimu."

"Mbu wa Bungoma siku hizi wana meno?"

Mstari mzima ukacheka, naye akacheka, akaenda zake. Kijiti hakukiona.

Sasa nikuambie lingine lakini usianze kuhangaika, nakujua. Nilipokuwa nakitoa kilivunjika, kipande kikabaki ndani. Nasimiyu alikitoa na sindano ya kushonea. Tangu hapo sikio lina joto kidogo, na kuna maji yanatoka. Nasimiyu anasema, "Wewe Nyambu, hiyo sikio yako inarira." Nikamwambia ni machozi ya furaha. Kulala ni upande mmoja tu, na upande huo ndio wa kitanda cha Chesang, ambaye anakoroma.

Ile hereni ya nyota uliyonichagulia imeanza kutoa rangi ya kijani kwenye kishikizo. Si unakumbuka mimi nilitaka ile ya chuma, iliyo ndefu kidogo na haina mapambo? Ukasema inafanana na msumari. Haidhuru, nyota ni nzuri zaidi. Kila msichana hapa anaitaka.

Jumatatu tena nitaweka kijiti.

Dada yako mpole,
Nyambu, Kiranja wa Bweni (hehe)


Tuwan, Kitale
30 Mei 2004

Mpendwa Nyambu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nafuu. Sisi ni wazima. Baba yako amepalilia nusu ya shamba. Mama yako alisikia umekuwa kiranja akaimba jikoni mpaka chai ikafurika.

Nyambu, acha kijiti. Acha kabisa, leo hii. Baada ya barua yako nilikwenda kwenye duka la dawa, nikajifanya nauliza kwa niaba ya rafiki. Yule muuguzi alinikatiza nilipofika kwenye neno ufagio. Anasema sikio la juu si kama ndewe. Gegedu halina mishipa ya damu ya kwake, hulishwa na ngozi inayolifunika, kwa hiyo uchafu ukishaingia humo mwili hauna njia nzuri ya kupigana. Ngozi hujitenga, usaha hukaa katikati, na gegedu hufa. Nilisimama pale nikakumbuka kwamba haya nimewahi kuyafundisha, wakati wa mazoezi ya ualimu. Nilichora gegedu ubaoni kwa chaki ya rangi.

Matundu yetu ya ndewe yalikuwa yamepona kabla hatujaanza vijiti. Lako halikuwa na mwezi. Hilo sikulifikiria. Na habari ya Shosho niliitaja kwa sababu ilipendeza kuandika.

Nenda kwa muuguzi wa shule. Usiitoe hereni mwenyewe, yeye ndiye aseme. Mwonyeshe. Nenda hata kama maumivu yamepungua.

Jambo moja tu. Akikuuliza nani alikutoboa, usitaje saluni wala usinitaje mimi. Sema ni wasichana wa bweni, au sema ulijitoboa mwenyewe. Unajua Tata alivyo kuhusu mapambo, na unajua alinichukua dada yake, mama yangu, alipofariki, akanilea bila kunitenga na wewe. Akijua ni mimi niliyekupeleka, sijui nitaishije ndani ya nyumba hii. Hili nakuomba kama dada.

Wakiuru

8 Juni. Barua hii bado iko kwangu. Tata alisema anakwenda posta na atanipelekea. Niliogopa angeona jina la Nasimiyu kwenye bahasha aulize, nikamwambia sijaimaliza. Kisha mvua, kisha duka. Naituma leo. Je, uliweka kijiti tena?


Bungoma, wodini
16 Juni 2004

Dada Wakiuru,

Sijambo. Wasalimie nyumbani.

Naandika nikiwa nimelala, kwa hiyo usitafute mistari. Wiki iliyopita nilishikwa na homa darasani. Bi. Cherono alinishika paji la uso, kisha akageuza kichwa changu akaliona sikio, akaacha kufundisha. Nililetwa hapa kwa gari la shule. Daktari alilipasua nyuma, akatoa usaha na ile nyota. Nyota ilikuwa imezama, nyama imeifunika. Sikulia sana. Kuna mama kwenye kitanda cha pili aliyelia kwa niaba yangu.

Mama alikuja siku ya pili. Alikaa kando ya kitanda bila kuvua koti. Akauliza, "Nani?" Nikasema, "Mimi." "Ulitumia nini?" "Sindano." Akasema, "Nimezaa msichana mjinga," akanipa ndizi.

Nasimiyu ameniletea barua yako leo. Nilikuwa nimeshasema ulichotaka niseme kabla sijaisoma. Basi usiwe na wasiwasi.

Kijiti niliweka tena, ndiyo. Mara mbili.

Siku ya wazazi ni tarehe 27. Njoo, tafadhali. Mama atakuja na wale mama wa kanisa. Nataka mtu wa kucheka naye.

Nyambu


Tuwan, Kitale
29 Juni 2004

Kwa Nyambu,

Salamu katika jina la Bwana. Sote nyumbani tu wazima, tukisikitika.

Nimeombwa na mama yako, kama dada yako mkubwa na kama mtu aliyesoma, nikuandikie juu ya tendo lako. Umetuaibisha. Ulitumwa Bungoma kutafuta elimu, si kutafuta mapambo. Ulichukua sindano, ukautoboa mwili ambao si wako kuuharibu, tena kwa siri, ukidhani ujanja wako unakutosha. Sasa umeona mwisho wake. Uliaminiwa kuwa kiranja, na imani hiyo umeivunja mbele ya walimu na wenzako.

Msichana anayeficha jambo dogo hujifunza kuficha jambo kubwa. Nakusihi utubu kwa kweli, uwaombe radhi walimu wako, uwe mfano kwa wadogo. Bado tunakupenda.

Dada yako,
Wakiuru


Tuwan, Kitale
29 Juni 2004, jioni

Nyambu wangu,

Hii inakuja kwa Nasimiyu. Ile nyingine imepitia ofisini, na lazima niseme iliandikwaje kabla hujanichukia, au baada, kama umeshaanza.

Tata alirudi kutoka shuleni kwenu Jumapili akiwa amechoka. Aliniambia ulitubu vizuri mbele ya akina mama waliokuja naye, na kwamba umeshavuliwa ukiranja. Hakula. Leo asubuhi aliniwekea karatasi kwenye kaunta. "Wewe anakusikiliza," akasema. "Mwandikie. Mwambie mambo ambayo mimi nikisema analia tu." Akavuta kiti akakaa. Nikaandika akiwa hapo, na kila sentensi niliyomaliza akaniomba nimsomee, naye akatikisa kichwa kukubali. Nyambu, sentensi zilikuja zenyewe. Hilo ndilo linaloniogopesha. Kila neno lilikuwa juu yangu, ndiyo maana halikunipa shida kuliandika, na kila neno nililiwekea jina lako.

Sikuja siku ya wazazi. Nilimwambia Tata nina homa. Sikuwa na homa. Nilivaa, nikafika mlangoni nikiwa na keki niliyokuokea, nikarudi nikalala na viatu. Siwezi kukueleza vizuri. Nilijiona nikisimama pale kati ya akina mama wakikuombea, kila mmoja akinishika mkono akiniambia nimekuwa dada mwema kwako.

Tangu hapo sifanyi lolote isipokuwa kukumbuka. Nakumbuka msichana wa saluni akiishika ile bunduki yake ya kutobolea, na wewe ukiufinya mkono wangu. Nakumbuka wewe ukiigusa ile ya chuma nami nikiirudisha kwenye sanduku. Nataka kujua nilitaka nini. Labda nilitaka mtu mwingine katika nyumba hii awe na siri kama yangu, nisiwe peke yangu chini ya nywele hizi. Nikiwaza hivyo najichukia, kisha najishangaa, kwa sababu hata kujichukia kunanipa nafuu fulani, kama mtu aliyekwisha kulipa.

Barua yangu ilikaa kwenye sanduku la nguo wakati usaha unajaa. Hilo nalo nalijua.

Tafadhali niambie kama unaweza kunisamehe. Niandikie hata mstari mmoja. Jana nilifikiri niitoe pete yangu, niache tundu langu lizibe, ili tuwe sawa. Niambie kama unataka nifanye hivyo, nitafanya.

Wakiuru


Bungoma
9 Julai 2004

Wakiuru,

Sijambo. Natumai nyumbani hawajambo.

Barua zako mbili zilifika wiki moja. Nianze na ile nzuri. Mwalimu mkuu aliifungua ofisini, ikamfurahisha, na Ijumaa iliyopita akaisoma asembli mbele ya shule nzima. Yote. Alisema hivi ndivyo familia zinazojua malezi zinavyofanya, na kwamba wasichana wasikilize pia Kiswahili chake. Alipofika pale pa "hujifunza kuficha jambo kubwa" akairudia. Wasichana walipiga makofi. Mimi nilikuwa mbele, bendeji kichwani. Nasimiyu peke yake hakupiga makofi, kwa sababu yeye ndiye hunibebea barua zako.

Chesang aliniuliza bwenini, "Si huyo ndiye ulikuwa unasema ni rafiki yako?" Nikamwambia ndiyo, ni yeye.

Sasa hiyo ya pili. Kurasa sita. Nimeisoma mara mbili, nikatafuta mahali umeuliza hali ya sikio. Hakuna. Umeuliza kama nimekusamehe, umeuliza kama utoe pete yako, umeuliza ulikuwa unataka nini siku ile, kana kwamba mimi ndiye najua. Wakiuru, wewe hujaliona sikio langu. Mama ameliona, Bi. Cherono ameliona, yule mama wa kitanda cha pili ameliona akalia. Hata mpishi wa shule ameliona. Wewe unaliandika tu.

Basi nikuambie, maana huulizi. Jumatatu hii nilirudishwa hospitali wakakata tena, kwa sababu gegedu la juu lilikuwa limekufa na ilibidi litolewe. Daktari anasema ngozi itapona lakini sehemu ya juu haitasimama tena. Imekunjamana. Nimeitazama kwenye kioo cha Chesang. Mwanzo nilidhani bado imefungwa bendeji, kumbe ndilo sikio lenyewe.

Pete yako sitaki. Nitafanya nini na tundu lako? Lako lilipona, wacha lipone.

Na usinidanganye kwamba unaogopa mama atakufukuza. Mama hajawahi kufukuza hata paka. Unaogopa atakutazama. Mimi ananitazama sasa hivi, kila akija, na aliyekosa siyo mimi.

Ukitaka kumwambia, mwambie kwa sababu ni kweli. Usimwambie kwa sababu hupati usingizi. Na kama hutamwambia, basi njoo tu. Ile siku ya wazazi nilikuwekea kiti. Akina mama wakataka kukikalia, nikasema kina mtu.

Nyambu


Tuwan, Kitale
16 Julai 2004

Nyambu,

Baba yako, mama yako na Shosho ni wazima. Sikio linaendeleaje leo?

Nimemwambia.

Ilikuwa Jumatano, akipanga sabuni dukani. Nilisukuma nywele nyuma nikamwonyesha pete. Aliitazama kama mtu aliyeona mjusi ukutani, bila kelele.

"Ya lini hiyo?"

"Ya chuo, Tata."

"Na unanionyesha leo kwa nini?"

"Kwa sababu hereni ya Nyambu ilianzia hapa."

Nikamwambia yote, kuanzia soksi. Nilipofika kwenye kijiti, mke wa fundi baiskeli aliingia kutaka mafuta ya taa. Tata akampimia, akamuuliza hali ya watoto, akamrudishia chenji, akamsindikiza hadi mlangoni. Kisha akarudi akasimama pale pale aliposimama.

"Endelea. Kijiti."

Nikaendelea. Nikamwambia nilikuomba useme uongo. Nikamwambia barua ilikaa kwangu. Nilipomaliza hakuinua sauti. Aliuliza jambo moja.

"Ile barua ya kumwonya. Ulipokuwa unanisomea 'umetuaibisha', ulikuwa unawaza nini?"

"Nilikuwa nawaza usijue."

Akakaa chini kwenye gunia la sukari. Akasema, "Nimemfanya mtoto wangu atubu dhambi yako. Mbele ya akina mama. Na nikaona ametubu kidogo, nikamwambia aombe tena."

Nyambu, hilo hukuniandikia.

Nilitaka kupiga magoti, akanizuia kwa kiganja tu. "Usilie, utanifanya nikubembeleze. Sina nguvu hiyo leo." Baadaye, akifunga duka, akasema: "Wewe ni mtoto wa dada yangu. Sikufukuzi, wala usinitazame hivyo. Lakini Bungoma utakwenda peke yako. Utamwambia mwalimu mkuu kwa mdomo wako. Barua umeandika za kutosha."

Si kwa sababu sipati usingizi ndiyo nimemwambia. Au sijui. Nimejichunguza sana nikaona nikiendelea hivyo nitakuandikia tena kurasa sita, kwa hiyo naacha.

Nakuja Jumamosi tarehe 24. Usiniwekee kiti.

Wakiuru


Bungoma
26 Julai 2004

Dada Wakiuru,

Habari ya tangu juzi. Natumai ulifika salama na kwamba mvua haikukukuta njiani. Salimia mama. Mwambie nimepata sabuni aliyokupa uniletee, na nimepata kile kikaratasi alichoweka ndani ya sabuni. Nimekisoma. Hicho ni changu, sikuelezi.

Ulipoondoka mwalimu mkuu aliniita. Alikuwa na barua yako ya kunionya mezani, ile ya asembli. Akasema, "Dada yako amekuja hapa akaniambia maneno mazito." Nikasema ndiyo, mwalimu. Akasema, "Ameniomba asimame asembli ayarudie. Nimekataa. Wasichana mia tano walishasikia jambo moja, siwezi kuwasimamisha tena niwaambie nilichosoma hakikuwa kweli." Akaiweka barua kwenye droo. Kuhusu ukiranja, akasema tutaona muhula ujao. Bi. Cherono alikuwa pale dirishani akisahihisha vitabu. Nilipotoka alitoka nyuma yangu akaniambia, "Kumbe mbu alitoka Kitale." Sikujua kama nicheke. Nikacheka.

Kwa hiyo shuleni bado ni mimi na sindano yangu. Bwenini wanajua, kwa sababu Nasimiyu alishindwa kunyamaza. Chesang anasema angekuwa yeye angekupiga na kiatu pale pale getini. Nikamwambia wewe huwezi kupigwa na kiatu, utaanza kueleza kiatu kilihisi nini.

Sasa, kuhusu Jumamosi. Tulipokaa kwenye benchi nikafungua bendeji, ulisema, "Nionyeshe." Nikakuonyesha. Ukanyoosha mkono ukalishika, polepole, mahali panaponiuma na mahali pasiponiuma, na mkono wako ulikuwa baridi, na ulikuwa umefunga macho. Labda hukujijua. Mimi nilikuwa nakutazama. Ulikaa hivyo mpaka nikalifunga tena, ndipo ukafungua macho.

Bado nimekasirika. Nilidhani ukija itaisha, haikuisha. Ilipungua ulipokuwa hapa, ikarudi ulipoondoka, na jana ikapungua tena bila sababu. Nakuambia ili usiendelee kuniuliza kama nimekusamehe.

Tunafunga shule Ijumaa. Daktari amesema kidonda cha nyuma kisafishwe kila asubuhi mpaka kizibe, labda likizo yote. Hapa ananisafisha muuguzi wa shule. Nyumbani mama amesema atanisafisha yeye. Nimemwambia hapana, ni wewe. Utafanya hivyo baada ya chai, pale dirishani penye mwanga, na hutafunga macho. Kikitoka kitu uniambie kina rangi gani. Kikinuka uniambie. Ukiona kama gegedu lingine linaanza kulegea uniambie siku hiyo hiyo, usiniandikie.

Ukizoea kulitazama ndiyo tutaongea hayo mengine.

Nyambu